Lango la Chola

Chola alikuwa mwanamke mkavu, na hakuna haja ya kumvika kilemba cha ukoka kwa sababu tu ameshakufa. Akikukuta umeegemea uzio wake, matusi yalitangulia, salamu zikafuata. Uzio wenyewe ulikuwa wa fito na matete, umekinga mto Kafubu kutoka ukingo hadi ukingo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Élisabethville. Ukoo wake ulikuwa ukiujenga pale kila kiangazi tangu kabla ya reli, kabla moshi wa kiwanda cha shaba haujaonekana angani.

Katikati ya uzio palikuwa na lango, kipande cha matete kinachong'oka. Mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, mwezi wa kumi na moja, kambale hupanda mto wamejaa mayai, wanakwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika huko juu. Siku hiyo mwenye lango hulitoa, na kwa siku tatu kamili hakuna anayevua. Siku ya nne hulirudisha, migono ikategwa, na samaki wanaoshuka baada ya kutaga wakakilisha kijiji kizima mpaka mahindi yakomae. Lango halishikwi na mtu yeyote tu. Lilikuwa la Kunda, mjomba wake Chola, na Kunda alipofariki walibaki wawili tu wa damu ile: Chola na mwanawe wa pekee, Alexis. Tena kulikuwa na sharti moja lisilo na mjadala. Mwenye msiba hagusi uzio mpaka mwezi upite.

Alexis alikuwa mfanyakazi wa tanuri la shaba mjini, kijana mcheshi, mwepesi wa kuahidi. Mwaka wa pili wa ile vita ya Wazungu alikuja kufungua lango kwa niaba ya mama yake, akiwa na likizo ya siku mbili mkononi na harusi mbele yake. Alilifungua Jumamosi. Jumapili alasiri, Chola akiwa shambani, Alexis akalirudisha, maana Jumatatu alfajiri king'ora cha kazi hakimngoji mtu. Alitaka samaki wa karamu, na kambale walikuwa wamejazana pale wenyewe. Chola aliporudi aliwakuta vijana wanapasua matumbo, mayai yametapakaa kwenye nyasi. Hakutukana. Alexis alipoona mama yake hatukani, ndipo alipoogopa.

Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama mtu anayeomba radhi kwa wakubwa. "Mama, unisamehe. Mwaka unaokuya nitafungua miye mwenyewe, nitabakia siku yote tatu. Hata kazi ikatike."

"Nitaona," Chola alijibu, akaingia ndani.

Lakini ahadi ile aliipokea. Mwaka mzima aliitembeza moyoni, na watu waliposema kwamba mtoto wa Chola amewamaliza samaki wenye mayai, aliwaambia wafunge midomo, anakuja kutengeneza. Kiangazi kilipokaribia kwisha, Alexis alimtuma rafiki yake Clément kuleta habari: ameomba likizo ya siku nne, amekubaliwa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Ilishuka Jumanne alfajiri, nzito, na kulipopambazuka Chola alikuwa tayari mtoni. Kambale wachache walikuwa wameshafika, wanasukumana kwenye matete. Wachache, lakini wamejaa. Ukingoni watu walikuwa wamesimama na vikapu, macho yao majini. Chola hakuwajali. Alikuwa anatazama njia ya mjini.

Aliyetokea ni Clément, juu ya baiskeli, peke yake. Alivua kofia, akamvuta Chola pembeni.

"Mama, Alexis hayuko tena. Homa ya kifua ilimubeba, siku tano tu. Tunamuzika leo magaribi. Nimekuya kukubeba na kinga hii." Akagonga tandiko la baiskeli.

Chola alishika usukani wa baiskeli ile.

"Hapa nani anajua?"

"Ni weye tu, mama."

Alitaka kwenda. Jambo hilo lisemwe wazi: alitaka kumwona mwanawe uso kabla haujafunikwa, alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na miguu yake ilikuwa imeshaelekea kwenye baiskeli. Lakini akilia, na ni mama gani angefika mjini bila kulia, lango litabaki limefungwa mwezi mzima. Kwa desturi ya mto, msiba huanza na kilio cha mama. Kabla hajafungua kinywa, nyumba haina msiba. Akifungua, wale wa ukingoni hawatathubutu kugusa lango, ila hakuna wa kuwazuia kuteka samaki kwa vikapu mpaka wa mwisho. Na hata akilifungua kwanza ndipo aende, siku ya nne hatakuwapo wa kulirudisha, maana naye atakuwa mwenye msiba. Na Alexis atazikwa akiwa yule yule aliyepasua mayai, na neno lake la kutengeneza litazikwa naye.

"Rudia mjini, mutoto yangu. Umwambie Virginie, muke yake, nitafika kisha siku tatu. Na usilie hapa. Hata kidogo."

"Mama! Hautamuzika mutoto yako?"

"Enda!"

Clément akaenda, akigeuka nyuma kila hatua chache. Chola akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia majini, akaling'oa lango kwa mikono yake miwili. Kambale wakapita wakimgonga miguuni. Wenye vikapu walinung'unika, kisha wakarudi majumbani.

Siku tatu alikaa kwenye jiwe kando ya ule uwazi. Walipomletea bukari, ugali wa kwao, alikula, kwa kuwa aliyefiwa hali, naye alikuwa bado hajafiwa mbele ya watu. Walipomuuliza kama Alexis hakuja, alisema amechelewa. Jioni ya siku ya kwanza, jua lilipogusa miti, alijua sasa wanamshusha kaburini. Aliuma pindo la kitenge akahesabu samaki, akapotea hesabu, akaanza tena.

Siku ya nne asubuhi alirudisha lango, akaita watu, akawakabidhi migono. Mwaka ule yeye hakuchukua hata samaki mmoja. Aliondoka mikono mitupu. Alipovuka kilima na mto ukawa hauonekani, alikaa chini katikati ya njia, na kilio alichokizuia siku tatu kikatoka kwa mara moja. Waliosikia kutoka mashambani walidhani ni watu wengi.

Alifika kambi ya wafanyakazi sauti imemkauka. Virginie alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mjane wa mwaka mmoja wa ndoa, mimba yake ya miezi saba. Wanawake wa kambi walimwona Chola wakageuza nyuso. Mmoja alitema mate.

"Siku tulimuzika, mama, ulikuwa wapi?" Virginie alisema bila kuinua kichwa. "Bote baliniuliza."

Chola akafanya jambo ambalo mama mkwe hamfanyii mke wa mwanawe. Alipiga magoti mavumbini, akapiga makofi taratibu.

"Nilikuwa natumika kazi yake," alisema.

Akaeleza yote, mvua ya Jumanne, vikapu ukingoni, lango. Virginie alisikiliza mkono ukiwa tumboni.

"Mu homa alikuwa anauliza mvua," alisema. "'Virginie, mvua imenyesha?' Usiku na mchana, mvua tu. Siye tulifikiri ni homa inasema." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na basamaki, balipita?"

"Balipita bote."

Virginie akasogea, akamwachia nafasi mkekani.