Mashine ya Unga Iliyonyamaza

Kwa wiki nzima muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara aliapa kwamba aliona kwa macho yake mawili: watu wa kodi walikuja na gari, wakaifunga minyororo injini ya mashine ya kusaga, wakaondoka nayo, na mwenye mashine amesimama mlangoni kama mfiwa.

"Na toka siku hiyo haijanguruma," aliwaambia wateja wake. "Sasa mtu akiniuliza, nimdanganye?"

Gari lilikuja kweli. Injini ilibebwa kweli. Ila msagaji mwenyewe, ambaye mtaani wanamwita Mngurumo, ndiye aliyeomba ibebwe.

Saa moja asubuhi yuko kazini, kope nyeupe kwa unga. Anabonyeza swichi, mota ya umeme inavuma kama nyuki, mahindi yanashuka. Sasa humu ndani watu wanaweza kunong'ona. Yeye hawezi, miaka kumi na tisa ya kushindana na injini imemharibu.

"KARIBU!"

"Taratibu, mzee," anasema mteja. "Nipo hapa hapa."

Serikali ilipopandisha ushuru wa dizeli ili kupunguza moshi, katika kila madebe kumi aliyosaga, malipo ya sita yaliishia kwenye mafuta. Ndipo ikatangazwa nafuu: mota ya umeme kwa nusu bei, bila kodi. Sharti lilikuwa moja. Injini ya zamani ikabidhiwe, ikatwe vipande.

"Niliwaza sana," anasema. "Injini ile imenisomeshea watoto. Lakini mke wangu ana pumu. Miaka kumi na miwili hajakanyaga hapa kwa sababu ya ule moshi."

Akaitoa. Wateja nao wakakauka. Kumbe mtaa mzima uliijua mashine kwa masikio: ikinguruma, beba mahindi, ikinyamaza, kaa nyumbani. Madebe thelathini kwa siku yakawa mawili.

"Nikasema basi, nimekwisha. Injini imeshakatwa, nitarudi wapi?"

Siku ya tisa muuza nyanya akaja kumpa pole. Akamkuta anasaga.

"Ha! Shemeji, kumbe upo?"

"NIPO! Nimekwenda wapi?"

Akaona aibu, akaleta debe lake. Kesho yake alirudi mbio. Mjukuu wake, ambaye kila siku husukuma uji kando kwa harufu ya dizeli, alikuwa amekomba bakuli. Na kwa kutangaza habari, mama huyo hana mpinzani.

Wiki hii madebe yamefika thelathini na manne kwa siku, na bei ameshusha. "Juzi nimelala mpaka nikaamshwa," anasema, akicheka peke yake. Anataka kuongeza kinu cha pili, lakini hawezi kumimina mahindi na kupima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo leo amemwita mkewe aje aone.

Mkewe amesimama kizingitini, mtandio puani. Anaushusha kidogo kidogo. Anavuta pumzi, anasubiri, anavuta tena. Kikohozi hakiji.

"MAMA WATOTO, NJOO UKAE MIZANI!"

"Mimi si kiziwi, baba watoto."

Anajaribu tena, safari hii polepole, kama anayejifunza kusema. "Njoo ukae mizani. Kuanzia kesho. Tafadhali."

Mkewe anainua macho kwenye dari iliyoganda masizi.

"Hii nayo," anauliza, "chokaa itapakwa lini?"