Kiti cha Nyapara

Juzi, katika kliniki moja Nakuru, nesi alikuwa akimvisha mama mmoja soksi za kubana. "Mathe, usisimame sana," alimwambia. "Ukikaa, inua miguu, damu ipande." Hasira ya utotoni ikanirudia.

Mama yangu alikuwa kibarua wa kuchagua viazi kwenye shamba la tajiri mmoja kule Molo, amesimama kutwa katika harufu ya udongo na magunia mabichi. Mishipa ya miguu yake ilivimba na kujipinda. Mimi niliamini ni nyungunyungu waliomwingia kutoka kwenye viazi, na kwamba wangelala iwapo angekaa.

Alasiri moja, nikiwa naye shambani, alikaa juu ya gunia.

"Wewe, hapa ni sebuleni kwako?" nyapara alifoka akiwa kitini. "Simama!"

Mama alisimama, machozi yakimtoka.

Nyapara alipoenda kuchukua chai, nilijifunga gunia mkononi, nikachuma thabai, yale majani yanayowasha kama moto, nikayatandaza kwenye kiti chake. Alirudi, amevaa kaptura yake, akaketi bila kutazama. Mayowe yake yalifika barabarani.

"Mzee, si ukae kidogo?" wanawake walimwuliza kwa zamu, wakiuma midomo wasicheke.

Alisimama mpaka lori la kubeba viazi likaondoka jioni. Nilimtazama muda wote, na hadi leo sijamhurumia.