Posa ya Mpiga Roki

Wazee waliokuja kumposea kijana wao binti yangu walikaa barazani kwangu, wakanywa kahawa, wakasifu halua, tukafika pale ambapo kwetu lazima iulizwe kazi ya mposaji. Mie ni mkwezi, napanda minazi ya watu, na skuli niliiacha mapema, lakini swali hilo nalijua. Nikauliza.

"Apiga gitaa," akasema ami yake.

"La hotelini?"

"Hotelini aliacha. Ana kundi lake. Wapiga roki."

Sasa hao wa hotelini nawajua. Nilikuwa nikiitwa Diani kuangua nazi zisije zikawaangukia Wazungu vichwani, nami huko juu nikiwasikia wenye mashati ya maua wakiwaimbia wageni. Hiyo naielewa, unaimba, unalishwa. Lakini huyu hana tajiri. Nani amlisha? Nikawaambia wazee jibu ni Ijumaa.

Nikaenda Ukunda kwa muuza kanda. Kanda za kijana nikazikuta zimepangwa pale, nyingi.

"Hizi amekuletea yeye?"

"Aliniletea moja, bure. Zilizobaki nimezirekodi mie, nauza."

"Basi wewe umemwibia."

Akacheka. "Mzee wangu, mwenyewe ndiye aliyeniambia nizirekodi. Watu wakishaisikia, Jumamosi wanamfuata ukumbini, wanalipa mlangoni. Huko ndiko anakopata."

"Na Jumamosi mvua ikinyesha?"

"Atatengeneza redio za watu."

Nilirudi kichwa kizito. Nazi ukiigawa bure imekwenda, hairudi na wenziwe. Huyu agawa, mwengine auza, na yeye aridhika. Nilimweleza mke wangu mara mbili na kila mara nikapotea katikati.

"Na wewe ulipokuja kwetu," akaniambia, "ulikuwa na mnazi gani?"

Sikuwa nao. Mpaka leo sinao.

Nikamwita binti yangu. "Mwanangu, usinifiche. Mtu huyu anakulaje?"

Akafikiri. "Hata mimi sielewi sawasawa, baba. Lakini anakula. Na nikimkosa yeye, simtaki mwengine."

Kumbe tulikuwa wawili tusioelewa, na mmoja wetu hana wasiwasi.

Ijumaa, baada ya sala, wazee wakarudi. Nikasema nimekubali. Ami akauliza kama nina sharti.

"Ninalo moja," nikasema. "Redio asiache kutengeneza."

Ami aliapa kwa niaba yake. Kijana mwenyewe, nasikia, alipofikishiwa habari alinuna siku nzima.