Mjapani, Okiror na Mpaka wa Shamba

Emojong, fundi wa baiskeli pale Malaba, aliwahi kupigana na Wajapani huko Bama, yaani Burma, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Vita hivyo alivikumbuka zaidi kwa kuhara.

Mwaka 1973, mwalimu Wandera wa sekondari moja karibu na Amagoro alimwalika azungumze na kidato cha tatu. Ubaoni alikuwa ameandika: Manchuria 1931, China 1937, Bama 1942.

"Mzee, Wajapani walikuwa wanatafuta nini hasa?"

"Walikuwa kama jirani yangu Okiror," akasema Emojong. "Kila akilima, ng'ombe wake wanapinda mpakani na kuingia kwangu, mstari mmoja wa plau. Ukinyamaza, mwaka ujao ni mistari mitatu. Ukiuliza, anasema anakuletea maendeleo. Mjapani alilima Manchuria, watu wakanyamaza. Akaingia China. Alipofika Bama, nikatolewa huku Teso kwenda kumwambia arudi kwao."

Darasa likavunjika mbavu. Mgeni mmoja tu, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, hakucheka. Ndiye Okiror mwenyewe.

Msichana aitwaye Atyang akasimama. "Na hiyo Bama aliyokuwa akiitawala Mwingereza, mzee, ilikuwa yake kweli?"

"Hapana."

"Basi mlimsaidia mwizi kumfukuza mwizi mwenzake."

Emojong alikuna kidevu. Miaka ishirini na tisa tangu aende Bama, hakuna aliyemwambia hivyo, hata kasisi. "Nilipewa buti," akasema mwishowe. "Sikuwa nimewahi kuvaa buti. Halafu nikamkuta Mjapani wa kwanza, amekufa kwa njaa kando ya njia, miguu mitupu. Nilimwonea haya."



Nje, Okiror alimngojea. "Umeniita Mjapani mbele ya watoto."

"Kwani uongo?"

"Chifu aje apime mpaka."

Chifu alikuja na kamba, na nusu ya kijiji nyuma yake. Okiror alikuwa amekula hatua kumi na moja. Emojong alianza kupokea pongezi, mpaka mjane Amongin, jirani wa upande wa pili, akaomba kamba isikunjwe kwanza, ipimwe na mpaka wake. Huko, Emojong alikuwa amekula hatua sita.

"Mimi sikuona," Emojong akasema.

"Hata Mjapani hakuona," akajibu Amongin.

Emojong aling'oa mwenyewe mkonge alioupanda kuwa mpaka na Amongin, mche kwa mche, Okiror akimshikia jembe na kucheka mpaka machozi.