Florini ya Shosho Kaluki

Ephantus alikuwa mtu wa sarafu kuukuu. Meza yake ilikuwa kwenye ujia mwembamba katikati ya jiji, kati ya fundi wa saa na muuza miwani, na wapenzi wa pesa za zamani walimjia na vitu walivyovifunga kwenye leso kama dawa. Hakuwa na haraka. Aliigonga sarafu kwa ukucha akausikiliza mlio wake, akaipima uzito, kisha akaipitishia kidole gumba ukingoni, polepole, macho kayafumba. Sarafu ya kweli hugongwa kwa mashine, na meno ya ukingoni huwa makali. Ya bandia mara nyingi humiminwa kwenye kalibu kama uji, ikatoka telezi kama kipande cha sabuni, na pale kalibu mbili zilipokutana hubaki mshono. Mshono huo alishaona umewatoa wazee machozi. Ndiyo sababu alizoea kumwambia mtu ukweli akiwa peke yake, kwa sauti ya chini.

Jumapili ya mavuno, mwaka wa elfu mbili na nne, hakukuwa na mahali pa kumwitia mtu kando. Ibada ilipokwisha kanisani kwao Kangemi, mnada wa sadaka ukaanza kama kawaida. Mzee Zadock alinadi ndizi, mayai, na hata kabichi moja iliyonunuliwa, ikarudishwa kwa Bwana, ikanadiwa tena. Ndipo shosho Kaluki, bibi mzee wa mtaani, akaja mbele na florini ya fedha, pesa ya wakoloni iliyotumika muda mfupi ikatoweka. Marehemu mumewe alimwachia. Njaa ilikuja kwake ikaondoka, asiiuze, maana aliiweka kwa ajili ya Mungu.

Mgeni wa siku hiyo, Bwana Jeremy wa mtaa wa matajiri wa Loresho, alikuwa mteja wa Ephantus. Alipoiona florini alinyoosha shingo. Aliomba aishike, kisha akampitishia Ephantus aliyekaa nyuma yake, akimwuliza kwa nyusi tu.

Kidole gumba kilizunguka mara moja. Mshono huo hapo.

Ephantus aliifumba florini kiganjani. Akinyamaza, mtu ataibiwa mbele ya madhabahu. Akisema, atamvua nguo mwanamke aliyempikia uji utotoni. Akainama kwenye sikio la Jeremy, akasema, "Kama unanunua sadaka, nunua. Kama unanunua florini, wacha."

Jeremy akaushusha mkono aliokuwa ameanza kuuinua. Kanisa lote likaona.

"Ephantus, mwanangu," shosho Kaluki akaita, "hiyo ni sadaka yangu mimi. Kama iko na neno, niambie mimi."

Ephantus akasimama. Alitamani ardhi imfiche. "Shosho, hii ilimiminwa. Si ya kweli."

Kina mama wa safu ya mbele walimgeukia kwa macho ya kuchoma. Mmoja akanong'ona kwamba hata Yuda alikuwa mjuzi wa fedha. Zadock, akitaka kuiponya aibu, alisema Mungu hutazama moyo, mnada uendelee. Shosho akatikisa kichwa.

"Mungu anatazama moyo, sawa. Lakini huyu kijana amenifungua macho, na sasa nikiitoa nitakuwa najua." Akaipokea florini, akaigeuza kiganjani. "Na mzee wangu naye walimdanganya, maskini. Alikuwa anaipangusa kila Krismasi."

Akatoka nje na fimbo yake. Zadock hakunadi kitu tena. Watu walikaa wakimngoja, wengine wakaimba taratibu bila kuongozwa, na Ephantus akabaki amesimama vile vile kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kukaa.

Shosho alirudi akihema, kuku kwapani, miguu imefungwa kwa kitambaa. Kila jirani alimjua kuku yule. Ndiye aliyekuwa akimtagia. Hakumpelekea Zadock. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Ephantus, akamwekea mikononi.

"Huyu naye mkague," akasema. "Usije ukaniambia kesho ni wa kumiminwa."

Kicheko kilianzia kwa kina mama walewale, kikafika hadi mlangoni. Ephantus hakuweza kucheka. Alimshika kuku kwa mikono miwili, moyo wa kuku ukipiga haraka chini ya manyoya ya joto.

"Ni wa kweli, shosho," akasema.

"Basi mpeleke mbele," akajibu Kaluki, akiketi. "Mimi miguu imechoka."