Ufuta wa Msikiti wa Kilwa

Yunusi wa Nkowe hakuwa mtu wa kusemwa sana. Alikuwa mrefu, mpole, mikono imekomaa kwa shoka, na ukimwazima jembe atakurudishia limenolewa. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa mwepesi wa kuamini. Na wako watu duniani ambao wakimwona mtu wa namna hiyo, wanamwona shamba lisilo na mwenyewe.

Mama yake, Bi Biasha, alikufa wakati Yunusi yuko Nachingwea anang'oa visiki kwenye mashamba makubwa ya karanga. Habari ilimfikia maziko yamekwisha pita. Hakushika jeneza, hakutia hata konzi ya udongo. Alirudi akakaa kizingitini mwa nyumba ya mama yake, akalia mpaka majirani wakawa hawajui waangalie wapi.

Ndipo Mwalimu Swalehe alipomfuata. Mwalimu huyu aliingia Nkowe zamani, kanzu safi, sauti tamu, akajitambulisha kuwa mtu wa Kilwa. Watoto walisoma kwake, na kumlimia pia.

"Mwanangu," alisema, "dua ya hapa ni ndogo. Kwetu Kilwa uko msikiti mkubwa, nguzo zake tele, na kila Ijumaa wanasoma majina ya marehemu. La mama yako nitalipeleka mimi. Wewe leta ufuta kila mavuno, wakamue mafuta ya kuwashia taa za msikiti."

"Na mimi nimsomee nini, Mwalimu?"

"Wewe waachie wanaojua."

Basi akawaachia. Sala zake Yunusi alizijua kwa kumfuata imamu. Dua ya marehemu hakuwahi kufundishwa, na sasa hakuona haja. Kila mavuno alimpelekea Mwalimu debe la ufuta, hata mwaka ule jua lilipounguza mahindi. Mkewe, Mwantumu, aliuliza mara moja kama huko Kilwa ufuta hauoti. Aliambiwa anyamaze. Ijumaa ikifika, Yunusi alikuwa na raha ambayo hakumweleza mtu. Adhuhuri alikaa ametulia, akiwaza: sasa hivi wanamtaja.

Mwaka 1954 alikuwa amerudi Nachingwea, kibarua wa karakana. Lori la karakana likatakiwa kupeleka pampu Kilwa Masoko, na msimamizi akasema wanaopenda wapande, maana Ijumaa watakuwa na siku nzima ya kutembea. Yunusi alikuwa wa kwanza kupanda, kanzu ameikunja ndani ya mkeka, debe la ufuta katikati ya magoti.

"Bwana Yunusi, unakwenda kutembea au unakwenda kuoa?" alimtania Benedikto, rafiki yake, Mkristo wa Mnero.

"Nakwenda kusikia jina la mama yangu," alijibu Yunusi. Benedikto hakutania tena mpaka Lindi.

Ijumaa asubuhi walivushwa kwa mashua hadi kisiwani, kwenye mji wenyewe wa kale. Aliyewatembeza ni Mbaruku, mzaliwa wa hapo, mfupi, mwenye maneno mengi na mwendo wa haraka. Aliwaonyesha jumba la masultani, na makaburi yao. Akawasimulia dhahabu iliyopita hapo ikitoka Sofala, wakati Wazungu wenyewe hawajajua bahari hii inaanzia wapi. Wageni wengine waliguna kwa mshangao. Yunusi, amekwisha vaa kanzu, debe begani, alisikiliza kwa sikio moja.

"Ndugu, msikiti mkubwa tutafika saa ngapi?" aliuliza. "Adhuhuri inakaribia."

"Ndio huo umeuegemea," alisema Mbaruku.

Yunusi akageuka. Nguzo zilikuwepo kweli, tele. Kwa hilo Mwalimu hakusema uongo. Lakini juu palikuwa wazi, mawingu yakipita. Mizizi ilikuwa imepasua kuta, na chini palijaa majani makavu na mavi ya mbuzi.

"Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wa Ijumaa."

Mbaruku aliitazama kanzu, akalitazama debe, na kicheko kilichokuwa kinamjia kikarudi kilikotoka. "Ndugu yangu, hapa hapasaliwi tangu enzi za mababu wa mababu zetu. Sisi tunasali kule kijijini, msikiti mdogo."

"Na majina ya marehemu wa Nkowe?"

"Nkowe ndiyo wapi?"

Benedikto aligeuza uso. Yunusi alitua debe. Akainua mikono, amwombee mama yake hapohapo, na maneno hayakuja. Alikuwa amewaachia wanaojua. Ufuta alimkabidhi Mbaruku apeleke kwenye msikiti wao, maana kurudi nao asingeweza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilitoka Nkowe ikafika Kilwa.

Aliporudi Nkowe, Yunusi alimkuta Mwalimu barazani na wanaume wenzake. "Karibu, msafiri wetu! Umelisikia jina?"

"Nimesikia kunguru."

Mwalimu akakohoa kidogo. "Mungu anaangalia nia, mwanangu." Watu kama hao hawakosi jibu, na daima humtanguliza Mungu mbele, wao wajifiche nyuma.

"Ufuta umekula, nimekusamehe," alisema Yunusi. "Ungeniomba ningekupa ule. Lakini uliniambia niwaachie wanaojua, nikaacha. Miaka yote hii mama yangu hajaombewa na mtu, hata na mwanawe. Utanilipa nini, Mwalimu?"

"Nitamsomea leo hii."

"Usilitie jina lake mdomoni mwako."

Akaondoka, akaenda moja kwa moja makaburini, akang'oa nyasi kwenye kaburi la Bi Biasha, akapiga magoti. Kiarabu hakikumjia. Alisema kwa Kimwera, kama alivyosema naye utotoni.

"Mama, hawakukutaja hata siku moja. Na mimi nilikuwa nimekaa, nimefurahi."