Ukimya Baada ya Mdundo wa Nne

Kila Jumamosi niliandika kwenye kipande cha katoni nyimbo tano mpya za rap zinazostahili kusikilizwa, nikakitundika kwenye nguzo ya barza yetu, kibaraza cha mbele ya nyumba. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, karo ya shule ilikuwa imenishinda kulipa, na kazi yangu ilikuwa kunakili kaseti. Mtu analeta kaseti tupu asubuhi, anachagua kwenye orodha, anarudi jioni kuichukua. Redio yangu ilikuwa na milango miwili ya kaseti, na ule wa kushoto niliufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli kwa sababu haukushika vizuri. Kila nilichokijua kuhusu sauti nilijifundisha mwenyewe kwa kuharibu.

Vita vilikuwa vimeufunga mto. Mashua za Kinshasa hazikupanda tena, na muziki wa Kinshasa ukakauka pamoja nazo. Badala yake vikaja vitu vya mashariki, kwa ndege za mizigo. Tonton mmoja, yaani mjomba kwa heshima tu, mfanyabiashara wa kutoka Kivu Kaskazini aliyeleta sabuni na vitenge, aliniletea kaseti zilizofichwa katikati ya mabeseni: vijana wa Dar es Salaam, vijana wa Kampala, Wafaransa wenye hasira, na mara moja kaseti ya watu wa London wanaorap haraka sana juu ya besi baridi, mpaka nikadhani redio inakimbia.

"Wewe iko kama douanier, mutu wa forodha," alinitania. "Unapekua wimbo mpaka ndani ya soksi."

Ilikuwa kweli. Nilisikiliza wimbo mara thelathini kabla ya kuuandikia mstari mmoja. *Vijana wawili wa Dar, kinanda cha bei rahisi, lakini wa pili anajua mahali pa kupumua. Mfaransa: besi nzuri, kibwagizo kirefu mno.* Nikikosea herufi moja nilitupa katoni na kuanza upya. Nililala vibaya nikijiuliza kama wa tatu alistahili kuwa wa pili.

Sasa niungame. Kwa miezi miwili wimbo wa kwanza kwenye orodha ile ulikuwa wangu. Sikuandika jina la aliyetengeneza. Niliandika: *Wa hapa hapa. Sikiliza ukimya baada ya mdundo wa nne.*

Mdundo ule niliupata siku zile majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya mji wetu. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na papa, baba yangu, maana mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Tulijifungia, tukalala chini ya meza na magodoro juu yake. Siku ya pili, mchana, nilitambaa hadi dirishani na redio, nikaweka kaseti yangu moja ya kromu, ile niliyokuwa nikiitunza kwa kitu cha maana, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Ningependa kusema nilitaka ushahidi ubaki. Hapana. Sauti ilikuwa nzuri. Mwaka mzima nilikuwa nimetafuta besi ya namna ile. Nilipiga mapipa ya mawese, nilipiga milango, nilipiga kifua changu mwenyewe. Nikawaza: nitaipata tena lini? Tena kidole kikiwa juu ya kitufe, hofu iliniacha.

Mabomu manne yalianguka kwa nafasi karibu sawa. Baada ya kila moja palisikika mlio wa chuma, miwili mifupi na mmoja mrefu, kama kijiko kilichoanguka kwenye beseni. Halafu sauti ya mwanamume ikaingia, karibu sana, na mimi nikakasirika. Sikusikiliza alichosema. Nilisikia tu kwamba kuna mtu ameingia kwenye mdundo wangu. Nikazima. Nilipogeuka, papa alikuwa amelala kifudifudi, viganja vimeziba masikio.

Mapigano yalipokwisha, jirani yetu alipatikana kwenye mtaro kati ya kiwanja chetu na chake. Alikuwa fundi cherehani, mtoto wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa mjini hapa tangu wakati wa misafara. Mke wake alikuwa amevuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kumwona kaka yake siku moja kabla ya mapigano, na mto ukamkatia njia. Papa na wanaume wengine walimzika. Pirogi, mitumbwi ya mtoni, ziliporudi kuvusha watu, papa alikwenda kumpa mke wa marehemu habari, nami nikafuatana naye. Papa alivua kofia. Alimwambia kwamba mumewe alikufa palepale, hakuteseka, hakusema neno. Niliamini. Mama jirani akabaki Lubunga kwa kaka yake kukaa eda.

Wiki mbili baadaye nilisikiliza kaseti kwa masikio yaliyotulia, na nikajua papa hakusema kweli, au hakusikia, na la pili lilikuwa gumu kuamini. Baada ya bomu la nne sauti inasema: "Voisin, ni mimi. Mufungue kidogo." Ni yeye, akimwita papa kwa Kifaransa: jirani. Alikuwa mlangoni kwetu. Baada ya hapo ni mimi ninazima.

Sikumwuliza papa. Nilifanya kazi. Sikuwa na mashine, nilikuwa na kitufe cha kusimamisha: unanakili mabomu manne kutoka mlango wa kulia kwenda wa kushoto, unasimamisha, unarudisha nyuma, unanakili tena, mpaka yawe mdundo usiokatika. Ukichelewa nusu ya pumzi, "voi" inaingia. Nilirudia mpaka haikuingia kabisa. Mahali pake nikaacha pumzi nne za ukimya, kwa sababu mdundo ulizihitaji. Rafiki yangu, mwanafunzi ambaye chuo chake kilikuwa kimefungwa, alirap juu yake kwa Lingala na Kiswahili habari za foleni ya unga wa muhogo, kisha akaenda Bengamisa kulima kwa wajomba zake. Kila unaponakili, mvumo wa kaseti unaongezeka, na mimi sikuuvumilia mvumo. Kwa hiyo wimbo uliokamilika niliurekodi kwenye kaseti yangu bora kuliko zote. Ile ya kromu. Juu ya sauti yake mwenyewe.

Wimbo ulitembea kuliko nilivyotarajia. Vijana wa toleka, zile baiskeli za abiria, walifunga redio kwenye usukani wakaupiga mji mzima. Niliusikia sokoni nikiwa nanunua mchicha. Mabomu ya wimbo yalipoanza, mwanamke mmoja alitua beseni lake chini taratibu, bila kuangalia, kama mtu aliyeombwa. Mtoto aliingia chini ya meza ya samaki. Watu walicheka, walicheza, na mdundo wa nne ulipopita wote wakasimama. Mguu mmoja hewani. Soko zima lilisubiri kitu. Rap iliporudi, wakacheza tena.

Wateja wakaanza kuniomba nirudishe nyuma wasikie pale ambapo hapakuwa na kitu. Mmoja, muuza mafuta, aliinamisha sikio kwenye spika.

"Ndani ya ile kimya kuna mutu," alisema.

"Hakuna mtu. Nilikata mwenyewe."

"Anapumua."

"Ni mvumo wa kaseti."

"Bon. Basi mvumo yako iko na mapafu." Akacheka, akaondoka na kaseti yake.

Nilisafisha kichwa cha redio kwa spiriti. Nilibadilisha betri. Nilisikiliza mara nyingi kiasi kwamba naona aibu kuandika idadi. Hapakuwa na kitu. Lakini nilijua pumzi yake ilikaa wapi, baada ya "ni mimi", na kila mara ukanda ulipofika hapo, mimi ndiye niliyevuta pumzi.

Mama jirani alikuja Jumapili, saa nne asubuhi. Eda ilikuwa imekwisha na alikuwa amevuka mto siku ileile. Papa alikuwa amerudi kutoka misa ya kwanza, amelala chumbani, na mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa ajili ya vumbi. Nilimpa kigoda pale barzani. Maji aliyakataa. Alisoma katoni yangu polepole, kidole chini ya maneno.

"Hii ya kwanza iko ya nani?"

"Ya hapa hapa, mama."

"Hapa wapi? Nimeisikia ndani ya pirogi. Nilitaka kuruka majini." Hakupandisha sauti. "Ile chuma inalia nyuma ya bomu, unaijua ni nini?"

Nilisema sijui. Kweli sikujua.

"Iko bati langu. La juu ya jiko. Miaka mbili nilimwambia yule mutu apige musumari, akaniambia kesho, kesho. Sasa mji muzima unacheza bati langu." Alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi. "Donc ulikuwa na mashine wazi siku ile."

"Ndiyo, mama."

"Ulishika bati. Basi ulimushika na yeye."

Niligeuza macho kwenye redio.

"Papa yako alikuja kwetu, akavua kofia, akaniambia hakusema kitu. Hakusema kitu, yule? Alikuwa anasema hata na uzi. Alikuwa anagombana na sindano. Miezi mine nimekaa ndani nawaza ile neno moja tu: hakusema kitu. Nipe nisikie, mutoto wangu. Kama iko kulia, iko kulia. Nipe."

Hapo ningeweza kusema uongo. Papa alikuwa ameshaniandalia, na ulikuwa uongo mzuri. Lakini nilitazama kidole chake kikiwa bado kwenye katoni, chini ya neno *ukimya*.

"Nimemfuta, mama."

"Sababu gani?"

"Alikuwa anaharibu mdundo."

Aliondoa kidole kwenye katoni. Toleka ilipita barabarani bila redio.

"Bon," alisema. "Lakini wewe ulisikia."

"Mara nyingi."

"Basi sema."

Nilisema haraka, nikitazama sakafu: voisin, ni mimi, mufungue kidogo.

Nilimwona akiyapanga maneno, akielewa jirani ni nani na mlango ni upi.

"Na nani alimujibu?"

"Hakuna."

"Papa yako alikuwa ndani?"

"Tulikuwa ndani sisi wawili."

Nilisubiri anipige. Aliweka mkono kwenye goti langu, mkono mkavu, wenye baridi.

"Vile umesema iko sauti yako. Sema na yake."

Nilijaribu. Alitikisa kichwa: mumewe hakuwa mtu wa kupiga kelele. Nilirudia, chini zaidi. Alisema sasa ninaomba kama maskini, naye hakuwahi kuomba, alikuwa anauliza tu. Mara ya nne nilisahau pumzi. Nilijisahihisha mwenyewe kabla hajasema, na hapo ndipo nilipojitambua: hofu ilikuwa imeondoka. Nilikuwa kazini. Nilikuwa natafuta sauti ya marehemu mbele ya mke wake kama nilivyotafuta besi, nikipima "kidogo" ianguke wapi. Ningeacha. Lakini alikuwa amefumba macho na kunisogezea sikio, na mimi nilijua kwamba mahali pekee duniani ilipobaki sauti ile ni kooni kwangu.

Mara ya sita ikatoka. Chini, bila haraka, na adabu ya mtu aliyekuja kurudisha beseni la kuazima. "Voisin, ni mimi." Pumzi. "Mufungue kidogo."

Mama jirani hakufumbua macho. "Ndiye," alisema.

Ndani ya nyumba kitanda kililia. Nyayo zikaja sebuleni, zile nzito za papa, bila viatu, zikafika nyuma ya mlango, zikasimama. Nilihesabu kwa mazoea. Pumzi moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha kitasa kikazunguka na mlango ukafunguka wote, mpaka ukagonga ukuta.

Papa hakunitazama mimi, wala hakumtazama mama jirani. Alitazama mbele yake, mahali palipo wazi juu ya ngazi, kwa kimo cha uso wa jirani yetu.

"Ingia," alisema.

Mama jirani alivuta miguu yake pembeni, akaacha njia.